Mmoja Anapotajwa kwa Wingi: Viwakilishi vya Nafsi katika Mazungumzo ya Bunia

Mhadhara huu unawaomba radhi mapema wale waliosoma kwa Kifaransa, kwa kuwa utaendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho, ingawa mada yake inapitia kwanza katika Kiingereza.

Lengo ni kuchunguza namna mzungumzaji anavyochagua kati ya umoja na wingi anapomtaja mtu kwa kiwakilishi, na kuonyesha kwamba uchaguzi huo hauongozwi na idadi ya watu peke yake. Mtu mmoja hutajwa kwa wingi kwa sababu anaheshimiwa, au kwa sababu hajulikani, au kwa sababu anachukuliwa kuwa sehemu ya ukoo wake, na kila lugha inayosemwa Bunia ina mahali pake pa kufanyia hivyo. Taabu huanza pale mzungumzaji anapohamisha desturi ya lugha moja kuipeleka katika nyingine bila kutambua kwamba maana nayo imehama, na taabu hiyo, kama itakavyoonekana katika hoja ya nne, haiishii darasani.

Kabla ya kuendelea, istilahi mbili zifafanuliwe. Kiwakilishi ni neno linaloshika nafasi ya jina, kama "mimi", "wewe" au "wao". Lakini kwa kuwa Kiswahili huficha nafsi ndani ya kitenzi, hata mtu akaweza kusema "anakuja" bila kutaja "yeye", neno hilo hapa litajumuisha pia viambishi vya nafsi, yaani vipande vinavyotangulia mzizi wa kitenzi na kuonyesha nani anatenda au anatendwa. Vimilikishi ni maneno ya kuonyesha mwenye kitu, kama "yangu", "yake" na "yao", nayo yatahesabiwa katika ukoo huohuo.

Jambo la pili la kukumbusha ni hali ya lugha za mji wenyewe. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi na inazitaja lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba. Lakini mtoto wa Bunia husikia nyumbani Kilendu, Kingiti, Kihema, Kibira, Kialuri, Kilugbara au Kinande kabla ya kusikia Katiba inasema nini. Kiswahili chenyewe kilifika Kongo pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, enzi za Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip wa vitabu vya historia, kikazaa usemi ulioitwa Kingwana. Ilhali Kiswahili sanifu, ambacho Kongo watu hukiita Kiswahili bora, kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya uamuzi wa Mombasa wa mwaka 1928, kikaja kwa vitabu, kwa makanisa na kwa shule. Kwa hiyo mkazi mmoja wa mji huu anaweza kuwa na Kiswahili cha nyumbani, Kiswahili cha kitabuni, Kifaransa cha ofisini, Kilingala alichokiokota kwa askari, na Kiingereza cha kwenda nacho Uganda, na katika kila kimoja akawa anahesabu watu kwa namna tofauti.

Hoja ya kwanza: Kiingereza kinamhesabuje mtu asiyejulikana

Wafanyabiashara wanaopita Mahagi na Aru, au wanaovuka Ziwa Albert kutoka Kasenyi, hujifunza Kiingereza kwa haraka, na wengi hukwama mahali pamoja. Mwalimu huwaambia kwamba "he" ni mwanamume, "she" ni mwanamke na "they" ni watu wengi; kisha wanafika kwenye duka la Arua na kukuta tangazo linalosema, kwa maana yake, kwamba kila mteja aache mzigo wake mlangoni, na mahali pa "wake" pameandikwa neno la wingi, "their". Mwanafunzi hujiuliza kama ni kosa la mwandishi wa tangazo au la mwalimu.

Si kosa la yeyote kati yao. Kiingereza kina upungufu ambao Kiswahili hakina: katika nafsi ya tatu umoja hakina kiwakilishi cha mtu kisichotaja jinsia. Mzungumzaji anayemtaja "mtu fulani", "kila mmoja" au "yeyote" bila kujua kama ni mume au mke analazimika ama kuchagua jinsia kwa kubahatisha, ama kuzitaja zote mbili na kuirefusha sentensi, ama kukimbilia wingi, ambao hauna jinsia. Waingereza walikimbilia wingi zamani. Mifano yake ipo katika maandishi yao tangu karne ya 14, na Shakespeare naye alitumia wingi wa namna hiyo. Walimu wa sarufi wa karne ya 18 na 19 ndio waliosisitiza kwamba neno la kiume litumike kwa wote, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufasiri sheria, iliyosema kwamba maneno ya kiume katika sheria zake yatachukuliwa kuwajumuisha wanawake pia. Watu wa sokoni hawakusubiri Bunge, wakaendelea na wingi wao, na mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ikalichagua "they" kuwa neno la mwaka, wakati huo likitumika pia kwa mtu anayejulikana ambaye hataki kutajwa kwa kiume wala kwa kike.

Jirani yake, "you", lina historia inayofanana na hiyo. Zamani Kiingereza kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja na neno la wingi kwa wengi. Kisha wingi ukaanza kutolewa kwa wakubwa kama heshima, ukashuka kwa walio sawa, na mwishowe ukawafikia hata watoto na watumishi, mpaka umoja ukatoweka katika mazungumzo ya kawaida. Katika karne ya 17 madhehebu ya Marafiki, ndiyo hayohayo yaliyofungua misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, yalikataa kumwita mtu mmoja kwa wingi, yakisema kwamba mbele ya Mungu tajiri na maskini ni mmojammoja, na waumini wake walichukiwa sana na wenye vyeo kwa ajili ya neno hilo dogo. Wasikilizaji wanaodhani kwamba sarufi ni mambo ya wazee wasio na kazi wakumbuke kwamba kuna watu waliopigwa kwa ajili ya kiwakilishi.

Basi Kiswahili kinahitaji nini katika haya yote? Kwa uamuzi wa mhadhara huu, hakihitaji kitu. Kiambishi "a-" katika "amefika" humchukua mwanamume na mwanamke bila kuuliza, na "-ake" vilevile. Kwa hiyo "kila mteja aache mzigo wake" ni sentensi iliyokamilika, isiyomwacha mtu nje. Hata hivyo karatasi nyingi zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza, za miradi ya afya, za simu na za misaada, zimeanza kuleta sentensi za aina ya "mtu akipoteza kadi yao waende ofisini", ambamo mtu mmoja amegeuka kundi katikati ya njia. Mtafsiri ameibeba dawa ya Mwingereza bila kuwa na ugonjwa wake. Msomaji wa Bunia anayeikuta sentensi hiyo ataelewa kwamba kadi ni moja ya familia nzima, na hatakuwa amekosea, kwa sababu katika Kiswahili "yao" ina maana ya wao.

Hoja ya pili: wingi wa heshima

Kifaransa kimewazoesha wasomi wa Kongo kutenganisha "tu" na "vous", yaani umoja wa ukaribu au wa udogo, na wingi wa heshima au wa umbali. Desturi hiyo imeingia katika Kiswahili cha mji, kiasi kwamba husikika mtu mmoja, tena ameketi peke yake, akikaribishwa kwa "karibuni, papa", akiulizwa "munatoka wapi?", na akiagwa kwa "asanteni". Katika Kiswahili bora mambo hayako hivyo: "hujambo" ni ya mmoja na "hamjambo" ni ya wengi, "karibu" na "karibuni" vilevile, na mzee wa Unguja anayeambiwa "karibuni" hugeuka kutazama nani mwingine amefuatana naye. Heshima ya pwani haimo katika idadi, imo katika majina ya kuitana, katika "shikamoo" na katika namna ya kuomba. Mtoto humwambia babu yake "wewe" akiifungamanisha na "babu" kila mara, na hakuna anayeona ukosefu wa adabu.

Lakini si haki kusema kwamba wingi wa heshima ni ugonjwa wa Kifaransa peke yake. Ng'ambo ya ziwa, Mganda humwambia mwenzake "wasuze otya" asubuhi, na kwa mkubwa wake, hata kama ni mmoja, husema "mwasuze mutya", ambayo ni salamu ya wingi, na jambo hilo lilikuwa la Kiganda bila msaada wa shule ya Mfaransa. Kwa hiyo mkazi wa Bunia anayemwambia baba mkwe wake "munaendelea aje" anaweza kuwa na ushahidi wa Kiafrika pia upande wake, na mwalimu anayemsahihisha kwa ukali afikirie mara mbili.

Mahali ambapo Kifaransa na Kiswahili vimepishana kwa njia ya kustaajabisha ni katika sala. Wakatoliki waliosali kwa Kifaransa kabla ya mwaka 1966 walimwita Mungu kwa wingi wa heshima katika sala ya Baba Yetu. Mwaka huo tafsiri mpya, iliyokubaliwa pamoja na madhehebu mengine, ikaleta umoja, na wazee wengi walihisi kama wamefundishwa kumzoea Mungu. Wakristo wa Kiswahili hawakupatwa na mshtuko huo, kwa maana kwao tangu mwanzo lilikuwa "jina lako", wala haikuwahi kuwa "jina lenu". Kwa Waislamu, msomaji wa tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotolewa mwaka 1969, hukuta Mwenyezi Mungu akijitaja kwa "Sisi" ya utukufu, huku mja akimwita kwa "Wewe" ya umoja, na mja huyo kwa kawaida hamrudishii Mola wake wingi aliojipa. Hapo inaonekana wazi kwamba wingi wa anayejitaja na wingi wa anayetajwa ni mambo mawili yasiyofuatana.

Ushauri wa hoja hii ni mfupi. Katika mazungumzo, wingi wa heshima wa Bunia uachwe uishi, kwa kuwa wasemaji wake wanaelewana. Katika barua, matangazo na masomo yanayokusudiwa kusomwa hata Kigoma au Mombasa, heshima ipelekwe katika maneno ya kuitana na idadi ibaki idadi, la sivyo mwaliko wa mtu mmoja utasomwa kuwa wa familia nzima, na mwenye karamu atapungukiwa na wali.

Hoja ya tatu: kwetu, kwao na kwake

Kiswahili kina mahali pake chenyewe pa kumtaja mmoja kwa wingi, na hapo hakikukopa kwa mtu. Mtu aliye peke yake akiulizwa anatoka wapi husema "kwetu ni Djugu" au "kwetu ni Irumu", wala hasemi "kwangu". "Kwangu" ni nyumba anayolala na kulipia kodi. "Kwetu" ni mahali ambapo ukoo wake ulimpata kabla hajajipata mwenyewe. Tofauti hiyo ina uzito wa ndoa. Ikisemwa juu ya mke kwamba "amerudi kwake", amemaliza safari na yuko nyumbani kwa mumewe. Ikisemwa kwamba "amerudi kwao", majirani wataanza kuuliza kulikoni, na wazee wataanza kuhesabu mbuzi. Herufi chache zimebadilika, na nyumba imeyumba.

Katika jimbo ulimo mji huu, lililotengwa na Jimbo la Mashariki la zamani mwaka 2015, neno "kwao" limepata kazi ya ziada kwa sababu ya vita na uhamisho. Watu wengi wamekimbia vijiji na kukaa kwenye kambi au kwa jamaa mjini, na taarifa hueleza kwamba wakimbizi "wamerudi kwao". Mwandishi makini atajiuliza kama ni kweli wamerudi kwao kwa maana ya kijiji na ukoo, au wamerudi kila mmoja kwake, maana ipo hali ambayo kijiji kipo na nyumba haipo, na ipo nyingine ambayo nyumba imesimama na ndani yake kuna mtu mwingine. Lugha imetoa vifaa viwili. Kutumia kimoja kwa hali zote ni kuficha nusu ya habari.

Pembeni mwa jambo hili kuna sentensi ya kila siku ambayo huwatatiza wanaojifunza Kiswahili kutoka lugha nyingine. Mtu husema "tulikwenda sokoni na Mateso", akimaanisha kwamba waliokwenda ni wawili tu, yeye na Mateso. "Tu-" imekwisha kumhesabu Mateso, na "na Mateso" inakuja kufafanua. Mfaransa wa kitabuni angetafuta mtu wa tatu, na karani naye, akiandika ushahidi, anaweza kumtafuta huyo wa tatu mpaka jioni.

Kuna pia swali ambalo Kiswahili hakijibu: "sisi" inamhusisha anayesikilizwa, au inamwacha nje? Kingiti, lugha inayosemwa kusini mwa Bunia, upande wa Irumu, hujibu swali hilo kwa kuwa na kiwakilishi kimoja cha "sisi pamoja nawe" na kingine cha "sisi bila wewe". Msemaji wa Kingiti hawezi kusema "tutakula" bila mgeni wake kujua papo hapo kama amealikwa. Msemaji wa Kiswahili hulazimika kuongeza maneno, "sisi sote" au "sisi wenyewe", na mara nyingi haongezi. Wanafunzi wanaoambiwa kwamba lugha za nyumbani ni maskini waichukue habari hii pamoja nao.

Hoja ya nne: "ba-" isiyo na mwenyewe

Hoja hii ndiyo iliyoufanya mhadhara uitishwe, na itachukua muda kidogo zaidi.

Kiswahili bora kina kauli ya kutendwa, yaani umbo la kitenzi linalomweka mbele aliyefikwa na jambo na kumnyamazia aliyelitenda: "aliibiwa", "alipigwa", "aliuawa". Kiswahili cha nyumbani katika Kongo ya mashariki hakiitumii sana kauli hiyo. Badala yake hutumia nafsi ya tatu ya wingi, ambayo hapa husikika kama "ba-" mahali pa "wa-" ya sanifu, na kusema "baliniibia simu", "balimupiga", "balimuua". Kilingala hufanya vivyo hivyo, na anayesema "babomi ye" anaweza kuwa anaeleza tu kwamba mtu ameuawa. Katika maneno hayo "ba-" si kundi. Mwizi anaweza kuwa mmoja, naye mwenyewe aliyeibiwa anaweza kuwa amemwona kwamba ni mmoja, na bado atasema "baliniibia", kwa kuwa jambo analolieleza ni hasara yake, na idadi ya wezi haimo katika nia yake. Ni dawa ileile ya Mwingereza, mtu asiyejulikana apewe wingi, ila huku imetengenezwa kwa miti ya hapa, na hakuna ubaya wowote ndani yake maadamu inabaki kati ya watu wanaoielewa.

Ubaya huanza katika kuvuka daraja. Mtu anafika mbele ya chefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, au mbele ya polisi, anasema "balimuua ndugu yangu". Anayeandika hati ya ushahidi, ile ambayo mjini huitwa PV, huandika kwa Kifaransa, na mbele yake kuna njia tatu: kuandika kwamba mtu ameuawa, kuandika kwa kiwakilishi kisicho na nafsi ambacho Kifaransa kinacho, yaani "on", au kuandika "ils", ambayo ni wao, watu zaidi ya mmoja. Akichagua ya tatu, ushahidi umepata kundi ambalo shahidi hakulitaja. Hati hiyo ikisomwa baadaye na mtu asiyekuwepo, swali lake la kwanza litakuwa "hao ni akina nani?", na katika jimbo lililopitia vita vya miaka ya 1999 hadi 2003, na vya miaka mingi mingine baada yake, swali hilo halikai muda mrefu bila kujibiwa. Nafasi iliyoachwa wazi na "wao" hujazwa jina la kabila, na anayeijaza huamini kwa moyo safi kwamba ameisoma katika karatasi.

Jambo hilohilo hutokea njiani kati ya simu ya msikilizaji na taarifa ya habari. Anayepiga simu redioni husema "bamechoma nyumba tatu", naye anajua kwamba hajui nani amechoma. Mtangazaji, akitaka kusema Kiswahili safi, hubadilisha "ba-" kuwa "wa-" na kutangaza "wamechoma nyumba tatu". Amesahihisha matamshi na ameharibu maana, kwa kuwa msikilizaji wa Kiswahili bora anayesikia "wamechoma" baada ya jina la kundi fulani kutajwa katika sentensi iliyotangulia ataunganisha hayo mawili, kama sarufi inavyomruhusu. Tafsiri iliyo sahihi ya "bamechoma nyumba tatu" katika Kiswahili bora ni "nyumba tatu zimechomwa". Mtangazaji wa Bunia hana budi kujua kauli ya kutendwa kama fundi anavyoijua timazi yake.

Huenda baadhi ya walioko ukumbini wakasema kwamba kauli ya kutendwa nayo ina lawama, kwa kuwa imetumiwa na wenye madaraka kuficha wahalifu: "watu waliuawa", nukta, bila muuaji. Pingamizi hilo lina nguvu, na halikanushwi hapa. Pale ambapo mtendaji anajulikana kwa ushahidi, atajwe, tena kwa idadi yake na kwa cheo chake: askari wawili, kijana mmoja, watu wenye silaha wasiopungua kumi. Kinachokatazwa ni kumfanya asiyejulikana ajulikane kwa njia ya kiambishi. Kati ya kuficha mkosaji na kumzulia mkosaji pana nafasi ya kutosha kwa mwandishi mwaminifu kusimama, na sentensi ya kusimamia humo ni rahisi: "ameuawa, na aliyemuua hajajulikana". Atakayeitazama sentensi hiyo ataona kwamba "aliyemuua" ni umoja, nao pia ni wa kukisia. Hapo ni bora kusema "na waliohusika au aliyehusika hajajulikana", ijapokuwa inachosha kinywa, kuliko kuliachia sikio lichague.

Kuna na wingi wa upande wa pili, ambapo mtu mmoja anajulikana kabisa, jina na nyumba, na bado tendo lake husimuliwa kwa "wao": fulani ameiba ng'ombe, kisha mazungumzo huendelea "ndivyo walivyo". Huo si upungufu wa sarufi ya lugha yoyote. Kiswahili bora na cha nyumbani, Kifaransa na Kiingereza, zote zinao umoja wa kutosha kwa mwizi mmoja.

Hoja ya tano: makundi yenye jina moja

Hii ipitiwe kwa haraka. Serikali imesema, kamati imeamua, jeshi limefika: Kiswahili hufuata jina, na jina likiwa la umoja kitenzi nacho huwa cha umoja, ambapo Waingereza wa Uingereza husita kati ya mawili na Wamarekani hupendelea umoja. "Polisi" linaruhusu njia mbili, "polisi wamekuja" wakiwa watu na "polisi imetangaza" ikiwa ofisi, na ni tofauti yenye faida, kwa kuwa inaonyesha kama kilichotendeka kilikuwa amri ya ofisi au kilikuwa tendo la watu waliovaa sare. "Kila" hudai umoja mpaka mwisho wa sentensi, "kila mtu na kitabu chake", na katika Kiswahili cha nyumbani "kila mutu na kitabu yake"; pamoja na kwamba upatanisho wa ngeli umelegea, umoja wenyewe umeshikwa barabara. Ama mwandishi wa tasnifu anayeandika "tumeona" na "tunadhani" ilhali amekaa peke yake chumbani na taa ya sola, huyo aulizwe kwa upole wenzake wako wapi.

Kazi iliyo mbele

Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulipotiwa saini uliiweka lugha ya Kiingereza kuwa rasmi na Kiswahili kuwa cha kukuzwa kama lugha ya mawasiliano ya watu, na tarehe 7 Julai imekubaliwa na UNESCO kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Karatasi za forodha, mikataba, hati za polisi na matangazo ya afya zitakuwa zinavuka mipaka kwa wingi kuliko zamani, nazo zitakuwa na "ba-", "wa-", "ils" na "they" ndani yake. Kazi tatu zinapendekezwa kwa vyuo vya mji huu. Ya kwanza ni kukusanya, kwa ridhaa ya wasemaji na bila majina yao, sentensi za kila siku zenye "ba-" isiyo na mwenyewe, ili ijulikane ni lini msemaji ana watu wengi kichwani na ni lini hana, maana tofauti hiyo pengine husikika katika sauti au katika maneno yanayofuata kabla ya kuonekana katika kiambishi. Ya pili ni kijitabu chembamba cha makarani na watangazaji, chenye sentensi za nyumbani upande mmoja na za Kiswahili bora na Kifaransa upande wa pili, ambacho mwandishi wa hati anaweza kukiweka chini ya mkono wake wakati shahidi anaongea. Ya tatu iwahusu walimu wa shule ya msingi, ambao hufundisha miaka ya kwanza kwa lugha ya taifa: kauli ya kutendwa ifundishwe mapema, na ifundishwe kwa kuanzia na sentensi ambayo mtoto ameisikia nyumbani, wala isianzie kwenye kanuni.

Mpaka kijitabu hicho kipatikane, karani wa leo anaweza kuanza na swali moja tu la kumuuliza kila shahidi anayesema "balimuua", kabla ya kugusa kalamu: "Uliona wangapi?" Akijibiwa "sikuona mtu", aandike hivyo.